SOMO: Mgonjwa wa korona akianza kuvuja damu tumboni, unaanzia wapi

Wauguzi wenzangu karibuni. Mgonjwa wa korona akilazwa macho yetu yote yako kwenye oksijeni, imepanda imeshuka, kumbe huku chini anavuja damu na hakuna aliyefungua pampasi akaangalia. Na sababu anazo kibao: yuko hoi, pengine yuko kwenye ventileta (mashine ya kupumulia) zaidi ya saa 48, anachomwa heparini damu isigande, na juu yake deksamethasoni (dawa ya steroidi) miligramu 6 kwa siku ambayo tangu 2020 ndo wanapewa wanaohitaji oksijeni. Hapo mtu akimwongezea diklofenaki ya maumivu ndo kabisaa.

Hatua ya 1: choo kiangalie mwenyewe kila shifti, usiishie kuuliza "amepata choo?" Cheusi tii, kinanata kama lami, harufu yake ukiisikia mara moja huisahau, hiyo ni damu na mara nyingi inatoka tumbo la juu. Matapishi, au kinachorudi kwenye mpira wa kulishia, kikiwa na chengachenga za kahawia nyeusi, damu hiyo.

Hatua ya 2: mapigo. Presha inachelewa kushuka, mapigo yanatangulia kupanda. Asubuhi 88 saa hizi 120 na homa hana, usiandike "anaendelea vizuri" jamani.

Hatua ya 3: ita daktari, taja damu moja kwa moja. Kanula 2 nene (sindano za plastiki za kwenye mshipa), dripu, hb (kipimo cha wingi wa damu), grupu la damu na krosimechi (kuona kama damu ya kuongezewa inaendana na yake). Heparini inayofuata usichome kabla hajaamua. Omeprazoli ya mshipa (inapunguza asidi tumboni) itaandikwa, damu kwa kawaida anaongezewa hb ikiwa chini ya 7, mwenye ugonjwa wa moyo chini ya 8. Endoskopi (kamera ya kuangalia ndani ya tumbo) inasubiri kwanza presha na pumzi zitulie.

MASWALI

Memba: Anameza vidonge vya kuongeza damu, si ndo vinafanya choo cheusi?
Jibu: Vinafanya kweli, ila hakinati vile wala hakina ile harufu. Ukiwa na shaka chukulia ni damu, pima hb.

Memba: Kwa nini heparini tusiache tu kwa wote?
Jibu: Hapana ndugu yangu, korona inagandisha damu, bonge likienda kwenye mapafu linaua. Inasimamishwa kwa anayevuja, akitulia daktari anapima upya.

Memba: Wangu choo cheusi ila mapigo 76 tu, na anatumia atenololi, dawa ya presha.
Jibu: Dada, atenololi inayazuia mapigo yasipande, usiyaamini hayo. Shika mikono kama ni ya baridi, angalia mkojo umepungua, pima presha, na daktari mwite sasa hivi.