Kubadilisha sili za kalipa za breki nyumbani, kwa gari la Malindi

Upepo wa bahari huku una chumvi, na pikapu zinazobeba chumvi Gongoni na Marereni ndizo zinazoumia zaidi. Gari likivuta upande mmoja ukikanyaga breki, rimu moja ikiwa moto kuliko wenzake, au oili ya breki ikishuka kwenye chupa, angalia kalipa, kile chombo kinachobana pedi kwenye diski ya gurudumu.

Sili ya ndani ni pete ya mpira yenye kona nne. Haizuii oili tu. Ukikanyaga breki inapindika pamoja na pistoni (kile chuma cha duara kinachosukuma pedi), ukiachia inajinyoosha na kuivuta nyuma kidogo. Ikikauka, pistoni hairudi na pedi zinabaki zikisugua diski. Ile ya nje inazuia vumbi. Ikipasuka, maji ya chumvi yanaingia na kutu inaanza.

1. Kinga matairi yanayobaki chini, legeza nati, inua kwa jeki, kisha weka stendi na utoe tairi. Matofali ya matumbawe si stendi, hupasuka ghafla. Fanya upande mmoja kwanza, wa pili uwe mfano wako.

2. Fungua bolti za kalipa, toa pedi, na uining'inize kwa waya. Isibebwe na mpira wake wa oili, ule mrija unaoileta oili. Weka kibao palipokuwa na pedi, mtu akanyage breki polepole mpaka pistoni iguse kibao. Vidole mbali! Tega beseni, fungua mpira wa oili, kisha malizia kuichomoa pistoni kwa mkono. Oili hiyo inakula rangi ya gari. Ikimwagika, osha kwa maji mara moja.

3. Ng'oa sili kwa kijiti cha mbao, kwani bisibisi hukwaruza mfereji inamokaa sili. Safisha kwa spiriti au oili mpya ya breki. Petroli, dizeli na grisi ya kawaida huvimbisha mpira, na kalipa nyingi zinazonijia zimekwama ziliwahi kuoshwa kwa petroli. Kwangura kutu yote ndani ya mfereji: ikibaki, itaisukuma hata sili mpya ibane pistoni. Pitisha ukucha kwenye pistoni. Ukikwama kwenye vishimo, nunua pistoni mpya. Sili peke yake itakuwa hasara.

4. Paka oili mpya ya breki, ingiza sili kwa vidole, hakikisha haikujisokota. Sukuma pistoni kwa dole gumba, ikiwa wima. Ikikataa, imeinama. Itoe uanze upya, nyundo isiguswe. Pini za kalipa zipake grisi ya silikoni.

5. Rudisha kila kitu, na uweke washa (pete bapa) mpya za shaba kwenye mpira wa oili. Tumia oili ya DOT (daraja la oili ya breki) iliyoandikwa kwenye kifuniko cha chupa ya gari, kutoka kopo ambalo halijafunguliwa, maana hunyonya unyevu wa hewa. DOT 5 ya silikoni usiichanganye na DOT 3 au 4.

6. Toa hewa: mtu akanyage, fungua nipo (skrubu ya kutolea hewa kwenye kalipa), ifunge, ndipo aachie. Rudia mpaka mapovu yaishe, na chupa isikauke. Pedali ikiwa laini, hewa bado imo.

Pampu pedali mpaka iwe ngumu kabla ya kuondoka. Zunguka polepole mahali pasipo na watu, kisha sogeza kiganja karibu na rimu mbili za mbele: joto liwe sawa.