Mlango wa banda la gari: anza na bawaba, kufuli baadaye

Shemeji yangu alinipigia simu kabla ya adhana ya alfajiri. Salamu hakutoa. "Shemeji, mlango uko kwenye mlimau."

Nikadhani bado yuko usingizini. Nilipofika kwake Sahare nikaukuta kweli: vipande vyote viwili vya mlango wa banda la gari vimeegemezwa kwenye mlimau, bado vimeshikana kwa kufuli, na kufuli zima, halina hata mkwaruzo. Bajaji ilikuwepo kwa sababu aliifunga mnyororo kwenye nguzo. Betri, tairi la akiba na ngazi vilikwenda.

Kufuli lile alilinunua yeye, la bei mbaya, na alinionyesha kwa fahari. Mlango niliuchomelea mimi. Kwa hiyo haya ninayoandika ni ya mtu aliyeumbuka, na tangu siku hiyo kila anayekuja karakana kwangu Ngamiani kuuliza habari za kufuli, mimi namuuliza kwanza habari za bawaba.

Bawaba nilizomfungia ni zile za bomba, zinazotumika karibu kila nyumba hapa Tanga. Nusu ya chini ina pini, imechomelewa kwenye fremu. Nusu ya juu ina tundu, imechomelewa kwenye mlango, inaikalia pini kama kofia. Ni bawaba nzuri, na siku ukitaka kupaka rangi unaunyanyua mlango tu unatoka. Sasa, kama wewe unaweza kuunyanyua, na mwenzio anaweza. Juu ya mlango nilikuwa nimeacha nafasi ya vidole viwili ili usisugue fremu, na pini zilikuwa fupi kuliko nafasi hiyo. Mtaimbo ukaingia chini, watu wawili wakakaza, mlango ukapanda. Komeo la chini nalo likapanda pamoja nao likatoka shimoni, maana lilikuwa limezama sentimita 3 tu.

Jaribu kwako leo. Funga mlango kama unavyofunga usiku, kufuli na komeo vyote. Toka nje, ingiza mtaimbo chini ya mlango upande wa bawaba, nyanyua taratibu. Ukicheza kidogo si neno. Ukipanda mpaka ukaanza kuiona pini, usilale na amani.

Dawa yake haizidi nusu saa. Mlango ukiwa umefungwa, chomelea kipande cha flati bari, yaani chuma bapa, urefu wa kidole gumba, kwenye fremu, juu kabisa ya kofia ya kila bawaba. Acha mwanya wa unene wa sarafu ili mlango uzunguke bila kukwama. Angalia usiunganishe kofia na fremu. Nimeshaitwa Makorora kufungua mlango wa namna hiyo, na mwenyewe yumo ndani ya banda anagonga.

Kama mlango ndiyo kwanza unatengenezwa, mwambie fundi bawaba moja aigeuze, pini itazame chini. Mlango wa hivyo haunyanyuki wala haushuki. Fundi atanung'unika kidogo kwa sababu itabidi aichomelee mlango ukiwa mahali pake. Mwache anung'unike.

Kuna wezi wanaokata bawaba yenyewe kwa grenda, hasa milango inayofunguka kwa nje ambayo bawaba zake zinaonekana barabarani. Kwa hao weka vidole. Kata nondo ya milimita 12 vipande vya sentimita 4, chomelea viwili au vitatu kwenye ukingo wa mlango upande wa bawaba, kisha toboa matundu kwenye fremu vinapoangukia. Mlango ukifungwa, vidole vinaingia kwenye matundu. Hata bawaba zikikatwa zote, upande ule bado umeshikwa.

Lakini fremu nayo imeshikwa na nini? Gonga ukuta kando ya fremu kwa nyundo ndogo. Ukisikia sauti ya ngoma, kuna uwazi kati ya chuma na tofali, na mtaimbo unapenda uwazi. Bomoa kidogo, chomelea kwenye fremu miguu ya flati bari iingie ukutani angalau sentimita 15, jaza zege la kokoto ndogo. Tafadhali lisiwe zege la mchanga mtupu na saruji ya kupakaza. Liache siku 7, ulimwagie maji, ndipo uanze kuufunga mlango kwa kishindo.

Sasa kufuli. Watu hutazama ukubwa wa tumbo lake. Tazama upinde, kile chuma kilichopinda. Wa milimita 6 mkasi wa kukatia nondo unaukata kama muwa. Anza na milimita 10 kwenda juu, wa chuma kigumu, na upinde usibaki mrefu nje ya tumbuu, kile chuma cha mlangoni unamopitishwa, kwa sababu uwazi ule ndimo midomo ya mkasi inamoingia. Halafu tazama tumbuu yenyewe. Nimeona kufuli la maana limefungwa kwenye tumbuu ya bati, skrubu nne fupi juu ya ubao. Bisibisi moja, kazi imekwisha. Mlango wa mbao upitishie bolti mpaka ndani, uweke bamba la chuma nyuma, kaza nati, kisha ponda ncha ya bolti kwa nyundo ili nati isirudi. Wa chuma, chomelea.

Kilicho bora kuliko kufuli ghali ni kulivika kufuli la kawaida sanduku. Chukua skwea paipu, bomba la pembe nne, ya inchi 4, kata kama sentimita 12, ziba juu, ichomelee kwenye mlango ifunike kufuli na tumbuu. Chini paache wazi: mkono na ufunguo vinaingia kwa chini, mkasi hauna pa kujipinda. Pima kwa mkono wa kila anayefungua mlango kabla hujachomelea. La kwangu nilipima kwa mkono wa mke wangu, na miezi mitatu nzima ikawa kila nikirudi usiku namwamsha aje anifungulie.

Ukikaa karibu na bahari, Raskazone mpaka Sahare, adui wa kufuli ni chumvi kabla ya mwizi. Nunua la shaba lenye upinde usioshika kutu. Na usitie mafuta ya nazi. Najua, nyumba zetu mafuta ya nazi ni dawa ya kila kitu. Lakini yanaganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa Julai, kusi likivuma, joto linafika huko. Mama mkwe aliliweka lake mafuta, alfajiri ufunguo ukagoma, mchana ukakubali, akasema kufuli lina jini. Sugua ufunguo kwa risasi ya penseli, uuingize na kuutoa mara kadhaa. Unga ule unalainisha na haushiki vumbi.

Komeo la chini lizame sentimita 8 au zaidi, ndani ya kipande cha bomba kilichojengewa kwenye sakafu. Bomba lile liwe wazi chini likutane na kokoto, maji ya masika yapate pa kwenda, la sivyo komeo litaoza ukiliangalia. Mchanga nao hujaa humo. Kila mwezi toa kwa kijiko. Na mpini wa komeo uwe na kishikizo, ili usinyanyuliwe kwa waya uliopenyezwa chini ya mlango.

Kutu ya mlango huanzia ukingo wa chini wa bati lake, kwenye mkunjo, pale maji yanapotuama. Chomachoma na bisibisi sehemu ile. Ikizama, usihangaike na rangi, kata ukanda ule utie bati jipya la milimita 1.5. Penye afya piga msasa, paka rangi ya oksaidi mikono miwili, halafu rangi ya juu. Sehemu zilizochomelewa zipewe mkono wa ziada, ndizo zinazotangulia kuoza. Kazi hii ifanye Januari au Februari, kaskazi likiwa kavu. Na kabla hujaita fundi wa kuchomelea, toa nje gari au bajaji yenye petroli, na madumu pia. Cheche haijui kwamba wewe ni mteja.

Wenye shata la kukunja: hufungwa pembeni, mwizi anapiga jeki ya gari katikati linabinuka. Liongeze pini ya kufungia katikati, chini, iingie sakafuni. Wenye mlango wa mota unaopanda darini, tazama ile kamba nyekundu ya kufungulia umeme ukikatika. Waya mrefu ukipenyezwa juu ya mlango unaweza kuivuta kutoka nje, kwa hiyo weka bamba la kuziba mwanya ule. Rimoti nayo usiiache kwenye gari lililolala nje, na iwe ya aina inayobadilisha namba kila ukibonyeza.

Mlango wa kutoka bandani kuingia ndani ya nyumba watu huutia kitasa cha chumbani. Mwizi akishaingia bandani, amejificha, ana nafasi, na ana nyundo na tindo zako. Uutie kitasa cha mlango wa nje na komeo upande wa nyumbani. Kama kuna kijana analala bandani, yeye awe na ufunguo wake ndani. Usimfungie mtu kwa nje, hata usiku mmoja.

Taa ya sola inayowaka mtu akipita inasaidia, hasa umeme ukikatika. Iwekwe mita 3 juu, isifikiwe kwa mkono. Hapa tuko nyuzi 5 tu kusini mwa Ikweta, jua linapita utosini, kwa hiyo paneli ilazwe karibu bapa, iinamie kidogo tu ili mvua iisafishe. Isiwe chini ya mnazi. Nazi moja ikidondoka, taa imekwisha.

Piga picha namba ya injini na ya chesisi, uzitunze kwenye simu na kwa ndugu mwingine. Likitokea la kutokea, usishike kitu, mwite mjumbe, nenda polisi ukachukue RB, ile namba ya taarifa yako kwenye kitabu chao, uwatajie namba hizo. Shemeji yangu hata ya betri hakuwa nayo.

Mlango wake niliurudisha bure, na vidole, na sanduku, na vizuizi juu ya kila bawaba. Kufuli ni lile lile. Ngazi ananidai mpaka leo. Ile aliyoazima kwa jirani nimemwambia ailaze ndani, aifunge mnyororo pamoja na bajaji.