Namna ya Kuandika Historia ya Mji wa Kiwanda kwa Kuanzia Uwanjani

Kijana wa Moshi au Arusha anayetaka kuandika historia ya mahali palipokuzwa na kiwanda, iwe ni kota za kiwanda cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, karibu na Moshi, au mitaa ya Unga Limited jijini Arusha, mara nyingi huanza na mwaka wa ujenzi na jina la mwenye mali, na matokeo yake ni maandishi yasiyo na watu. Ushauri wangu ni aanze na timu ya kiwanda. Mfano bora ninaoufahamu ni Phagwara, mji mdogo wa Punjab nchini India, ulioko kwenye reli na barabara kuu kati ya Jalandhar na Ludhiana, ambao hadi wakati wa uhuru ulikuwa chini ya Maharaja wa Kapurthala. Kiwanda chake cha nguo, JCT, kilianzisha timu ya mpira wa miguu mwaka 1971. Timu hiyo ikatwaa ubingwa wa kwanza wa Ligi ya Taifa ya India msimu wa 1996–97, mshambuliaji wake Bhaichung Bhutia akiwa mfungaji bora, na mwaka 2011 ikavunjwa.

Mambo hayo machache yanatosha kuzaa maswali ya kitabu kizima. Bhutia alitoka jimbo la Sikkim, mbali sana na Punjab: kiwanda cha nguo kilikuwa na sababu gani ya kumfuata mchezaji huko? Mechi nyingi za nyumbani zilichezwa Ludhiana: je, wafanyakazi waliotoka zamu ya usiku walipata nafasi ya kwenda kuitazama timu yao? Maswali ya namna hiyo ndiyo uyaandike kwanza kwenye daftari, kabla hujamwendea mtu yeyote.

Kisha tafuta picha moja ya kikosi, hata kama imefifia, na uipeleke kwa mzee aliyefanya kazi kiwandani. Mwamkie, kaa, mweleze unachofanya na uombe ruhusa ya kurekodi, usikimbilie maswali. Ukishampa picha, mwache ataje wachezaji mmoja mmoja, na kwa kila jina muulize mambo matatu: alikuwa idara gani, aliishi kota gani, na aliishia wapi. Hapo ndipo utakapojua kama golikipa alikuwa kweli fundi wa boila au aliandikwa tu kwenye orodha ya mishahara, nani alipewa nyumba kwa sababu ya mguu wake wa kushoto, na nani aliachishwa kazi alipoumia. Kuhusu mishahara na migomo, wazee wengi hujibu kwa tahadhari, lakini kuhusu mechi husema kwa uhuru, na ndani ya mechi mishahara na migomo hujitokeza yenyewe. Wahoji pia akina mama waliouza chakula getini, kwa sababu wao hukumbuka ni mwezi gani wateja walianza kukopa.

Hatua inayohitaji uangalifu zaidi ni mwaka wa mpasuko, yaani mwaka ambao maisha ya mahali yalibadilika ghafla. Kwa Phagwara ni 1947, Punjab ilipogawanywa kati ya India na Pakistan, na Waislamu, waliokuwa wengi katika dola ya Kapurthala, wakahama. Historia ya mji huo isiyouliza nani aliondoka haijakamilika. Kwa TPC, iliyoanzishwa na kampuni ya Kidenmaki ya A.P. Møller mwaka 1930, mipasuko ni kutaifishwa kwake, halafu kuingia kwa wawekezaji wa Mauritius mwaka 2000. Kwa kila mpasuko, uliza nani alibaki kwenye kikosi na nani alilipa jezi.

Usiwasahau Masingasinga wa hapa kwetu. Reli ya Tanga ilifika Moshi mwaka 1911, na miongoni mwa mafundi waliojenga maisha katika miji hii walikuwamo watu wa Punjab. Ukienda kwenye hekalu lao, vua viatu, funika kichwa na uombe kuelekezwa kwa wazee. Waulize habari za hoki, kama ulivyowauliza wengine habari za mpira wa miguu.

Yote uliyoambiwa yalinganishe na magazeti ya wakati ule, ukianzia Maktaba ya Mkoa. Mzee akikuambia kuwa Tanzania iliwahi kukutana na India katika hoki ya Olimpiki, usidhani anatia chumvi: ilikuwa Moscow mwaka 1980, na tulifungwa 18–0. Pale simulizi na gazeti vinapopishana, andika vyote viwili na useme kila kimoja kimetoka wapi. Rasimu ikikamilika, rudi nayo kwa waliokusimulia, uwasomee kwa sauti sehemu zinazowahusu, usahihishe majina, na ufute lolote ambalo mwenyewe anaomba lisichapishwe.