Somo: Spika moja ya hom thieta imenyamaza, pima kwanza kabla hujanunua ingine

Habarini wakuu. Leo tuongelee hii shida ya spika moja kunyamaza wakati zingine zinalia, juu naona watu wanapoteza pesa bure. Mtu anaenda Kibuye hapa Kisumu ananunua spika ingine, anafika nyumbani anaifunga, inalia kidogo halafu inachomeka, anaanza kulaumu aliyemuuzia. Mara nyingi ile ya kwanza iliuliwa na ampi (sehemu ya mashine inayosukuma sauti kwa spika), na ampi bado iko vile vile, kwa hivyo hata ulete spika kumi zitafuatana tu. Jua kwanza mgonjwa ni nani: spika, waya ama ampi.

Hatua ya 1: Badilisha mahali

Chomoa stima kwa soketi. Chukua spika iliyonyamaza uichomeke pale ile nzima ilikuwa, na ile nzima uilete kwa tundu la ile imenyamaza. Washa, volyumu chini. Ukimya ukifuata spika basi shida ni spika ama waya yake. Ukimya ukibaki kwa tundu lile lile, spika yako ni nzima, shida iko kwa ampi ama setingi. Hapo hujatumia hata bisibisi na tayari umejua nusu ya kazi. Badilisha zinazofanana tu, usichomeke spika ndogo kwa tundu la wufa (ile kubwa ya besi).

Hatua ya 2: Setingi

Kama ni zile za nyuma tu zimenyamaza, angalia umeunganisha na nini. Waya ya AUX nyekundu na nyeupe inabeba chaneli 2 peke yake, kwa hivyo hata kama mashine ni 5.1 (spika tano na wufa moja), za nyuma zinaweza kukaa kimya mpaka uweke Pro Logic ama modi ingine ya kusambaza sauti kwa spika zote. Ingia menyu na rimoti utafute ile testi ya spika, itapiga "shhh" moja baada ya ingine. Pia chomeka na uchomoe hedifoni mara kadhaa, ile swichi ya ndani ya jeki ikikwama inanyamazisha spika.

Hatua ya 3: Waya

Huku karibu na ziwa unyevu ni mwingi, ncha ya shaba inageuka kijani na haipitishi kitu. Kata kama sentimita 2, menya upya, sokota vizuri. Hakikisha hakuna hata unywele mmoja wa shaba unagusa upande wa pili, hiyo ndio inafanya mashine nyingi ziandike PROTECT na kujizima.

Hatua ya 4: Pima spika yenyewe

Toa waya zote kwa spika, weka mita kwa omu 200. Spika ya omu 8 itasoma kama 6 hadi 7, ya omu 4 itasoma 3 na pointi, usishtuke, hiyo ni sawa juu mita inapima ukinzani wa DC (stima ya upande mmoja, kama ya betri) na kile kimeandikwa nyuma ni impidansi (ukinzani kwa stima ya sauti). Ikisoma OL (zingine zinaonyesha 1 upande wa kushoto) koili, ile waya iliyozungushwa nyuma ya koni, imekatika. Ikisoma karibu na 0 ni shoti, usiirudishe kwa ampi kabisa. Kama huna mita, gusisha betri ya 1.5V haraka tu: nzima itasema "tak" na koni itaruka kidogo.

Twita (spika ndogo ya sauti nyembamba) ni tofauti. Nyingi zina kapasita ndogo mbele yake, na kapasita haipitishi DC, ukipimia kwa tundu la nje itasoma OL hata kama ni nzima. Pimia kwa miguu ya twita yenyewe.

Sasa hapa ndio wengi wanatupa spika ya kupona. Kabla hujaitupa ile ya OL, ifungue uangalie zile waya mbili za kusukwa zinazotoka kwa tagi (pale waya za nje zinafungwa) kwenda kwa koni. Zinacheza kila koni ikicheza, na siku ingine zinakatika pale pale zinapoingia chini ya gundi nyeusi, kwa nje zinaonekana zimeshika. Weka mita, usukume koni polepole na vidole viwili, namba ikija na kupotea basi umepata. Kwangua gundi, lehemu upya, acha waya iwe na ulegevu kidogo. Lakini ukisikia koni inakwaruza na inanuka kuungua, hiyo koili imeenda.

Hatua ya 5: Pima ampi kabla ya spika mpya

Hii usiruke! Washa ampi bila spika, mita kwa volti za DC, pima tundu la hiyo spika. Inatakiwa iwe karibu na 0. Ukiona volti 10, 12 ama zaidi, IC ya ampi (ile chipu nyeusi ya miguu mingi inayokuza sauti) inaweza kuwa imepiga shoti, na spika yoyote utakayofunga hapo itapitisha DC mpaka koili iungue.

MASWALI

Bungoma: Fundi, radi ilipiga, sasa zote zimenyamaza lakini taa za mbele zinawaka.

Jibu: Pole ndugu. Taa zinatumia laini ndogo, mara nyingi 5V, ampi ina laini yake kubwa. Pima hiyo kubwa na fyuzi zake. Kama paua yake (sehemu inayolisha mashine stima) ni ile haina transfoma kubwa ya chuma, kapasita kubwa upande wa stima inabeba kama volti 340 na inakaa nazo hata ukichomoa. Kama hujazoea, peleka kwa fundi.

Nakuru: Yangu inalia nikiipiga kofi, halafu inanyamaza.

Jibu: Dada, hiyo ni lehemu imepasuka. Angalia miguu ya yale matundu kwa bodi, utaona kaduara keusi kamezunguka mguu. Yeyusha upya na uongeze risasi kidogo.

Kakamega: Naweza kuweka ya omu 8 pahali pa omu 4?

Jibu: Ndio, sauti itashuka kidogo tu. Kinyume chake usijaribu, omu 4 pahali pa 8 inavuta mkondo mara mbili.

Busia: Nimebadilisha IC ya ampi, TDA2030, mpya imechomeka hapo hapo.

Jibu: Mkuu, ulirudisha ile maika (karatasi ngumu ya kuzuia stima) nyuma yake? Bati la hiyo IC limeungana ndani na mguu wa 3, na kwa ampi za paua mbili (chanya na hasi) mguu wa 3 ni hasi. Likigusa bati la kupoza lililoungana na grandi, ni shoti moja kwa moja. Weka maika, na ile washa ya kwanza upitishie balbu ya 60W ya zamani, ile ya waya, kwa mfululizo na stima. Balbu ikiwaka kidogo na kufifia endelea, ikikaa na mwanga mkali zima, bado kuna shoti. Ikififia, pima DC kwa tundu kama Hatua ya 5, ndio ufunge spika.