Chupa tatu za Italia: namna ya kuonja uchachu na ukakasi

Nimehudumia mvinyo kwa miaka kadhaa katika mgahawa mmoja mjini Torino, kaskazini-magharibi mwa Italia, na ndugu na marafiki wanaonitembelea kutoka nyumbani huniuliza swali lilelile: mbona mvinyo huu unaosifiwa namna hii unakausha mdomo? Swali hilo ni la haki kabisa, kwa kuwa mtu aliyezoea mvinyo mtamu, akionja Nebbiolo, mvinyo mwekundu wa zabibu ya huku kwetu yenye jina hilohilo, kwa mara ya kwanza, hudhani ameletewa kitu kilichoharibika. Jibu langu ni kwamba mvinyo mwekundu wa Italia umesimama juu ya nguzo mbili, uchachu na ukakasi, na asiyejifunza kuzitenganisha mdomoni hatauelewa hata akitajiwa harufu mia moja. Zoezi ninaloeleza hapa ndilo ninalowafanyia wageni wangu mwenyewe, na linahitaji chupa tatu, chakula kidogo na saa mbili za utulivu.

Hatua ya 1: Chagua chupa

Tafuta Barbera d'Asti changa, Chianti Classico ya kawaida na Langhe Nebbiolo. Barbera na Nebbiolo ni zabibu za Piemonte, mkoa ninamoishi. Chianti Classico hutoka Toscana, katika vilima vilivyo kati ya Firenze na Siena, na kwa kanuni angalau asilimia 80 ya mvinyo huo lazima iwe zabibu ya Sangiovese. Utaitambua kwa alama ya jogoo mweusi, na neno Classico lisikupite, kwa maana Chianti isiyo na neno hilo hutoka katika eneo jingine lililo pana zaidi.

Simshauri anayeanza anunue Barolo. Barolo ni Nebbiolo tupu, lakini sheria inataka ikae angalau miezi 38 kabla ya kuuzwa, na miezi 18 kati ya hiyo iwe ndani ya mapipa ya mbao, na muda huo wote mnunuzi huulipia. Langhe Nebbiolo hutoka katika vilima vya Langhe, huku Piemonte, vinakotoka Barolo pia, na itakufundisha jambo lilelile kwa bei nafuu.

Kwenye lebo utaona herufi DOC au DOCG, vifupisho vya Kiitaliano vya jina la asili linalodhibitiwa, na G ikimaanisha pia kwamba limehakikishwa. Mfumo wa DOC ulianzishwa na sheria ya mwaka 1963, na chupa za DOCG huwa na ukanda wa karatasi wenye namba, uliobandikwa shingoni. Herufi hizo zinathibitisha mahali mvinyo ulikotoka na kanuni zilizofuatwa katika kuutengeneza. Hazithibitishi kwamba utaupenda, na nimeonja DOCG dhaifu nyingi kiasi cha kulisema hili bila wasiwasi.

Hatua ya 2: Joto na glasi

Mvinyo mwekundu wa aina hii unafaa kunywewa ukiwa kati ya nyuzi 16 na 18 za Selsiasi. Usemi kwamba mvinyo mwekundu haupozwi ulitokana na nyumba za baridi za Ulaya. Anayeonja Mombasa au Dar es Salaam aweke chupa kwenye friji kwa muda wa nusu saa hivi, kwa sababu mvinyo wenye joto hunuka kileo tupu. Asizidishe pia, maana baridi kali huuchongoa ukakasi. Tumia glasi tatu zinazofanana, zenye tumbo pana na mdomo mwembamba, mimina hadi theluthi tu, na shika shina la glasi ili kiganja kisipashe mvinyo joto.

Hatua ya 3: Tazama

Inamisha kila glasi juu ya kitambaa cheupe. Barbera itakuwa nyeusi-zambarau, Sangiovese itakuwa nyekundu angavu, na Nebbiolo itakuwa hafifu kiasi cha kuweza kusoma maandishi yaliyo nyuma yake, huku ukingo wake ukielekea rangi ya tofali. Katika mwezi wangu wa kwanza kazini niliiweka kando chupa ya Nebbiolo kwa sababu ya ukingo huo, nikiamini imeharibika, mpaka mkuu wangu alipoimimina, akanipa glasi ninuse, na nikakutana na harufu ya waridi. Rangi iliyomo katika ganda la zabibu hii hufifia mapema, na kufifia huko si ugonjwa.

Hatua ya 4: Nusa

Nusa kwanza kabla ya kutikisa. Ukikutana na harufu ya boksi la karatasi lililolowa maji, kizibo kimeuharibu mvinyo, na hakuna hewa wala muda utakaouponya. Chupa hiyo irudishwe. Kama hakuna kasoro, zungusha glasi taratibu na unuse tena. Katika Sangiovese mimi hupata cheri chachu na harufu ile inayobaki vidoleni mtu anapokatia matawi ya mnyanya shambani; katika Nebbiolo, waridi lililokauka na lami, mfano wa barabara iliyotandikwa jana na kupigwa na jua la adhuhuri. Wewe taja harufu za maisha yako. Ukisikia karafuu, sema karafuu, wala usitafute matunda ambayo hujawahi kuyaona.

Hatua ya 5: Onja

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Anza na Barbera, ufuate Chianti, umalizie na Nebbiolo, kwa sababu ukakasi hujilimbikiza mdomoni, na ukianza na ulio mkali hutawasikia wale wapole. Chukua kiasi cha kijiko kimoja, kizungushe mdomoni kwa sekunde kumi hivi kifike kwenye fizi na nyuma ya midomo, kisha uteme kwenye chombo ulichokiandaa. Kutema si utovu wa adabu. Ndiyo desturi ya wote wanaofanya kazi hii, na bila hiyo chupa ya tatu hukutana na ulimi uliochoka.

Baada ya kutema, inamisha kichwa kidogo na usubiri. Mate yakikutiririka chini ya ulimi kama mtu aliyelamba ukwaju, huo ni uchachu, na wingi wa mate ndio kipimo chako. Halafu pitisha ulimi juu ya fizi za mbele. Zikiwa kavu na zinakwaruza, umekutana na ukakasi, hisia ileile anayoijua mtu aliyeng'ata bibo la korosho au aliyekunywa chai ya rangi iliyosahauliwa na majani yake ndani ya birika. Unatokana na tanini za maganda na kokwa za zabibu, ambazo hushikamana na protini za mate na kuuondolea mdomo utelezi wake.

Sasa linganisha. Barbera, iliyo nyeusi kuliko zote, itajaza mdomo mate na kuziacha fizi karibu laini. Nebbiolo, iliyoonekana dhaifu kama maji ya matunda, itakubana mdomo mzima. Nimeona watu wakinyamaza kabisa wanapofika hapa, kwa kuwa macho yao yalikwisha kuwaambia kinyume. Chianti husimama katikati, na nguzo zake mbili huenda pamoja.

Pima pia aina ya ukakasi. Ulio mzuri ni wa chembechembe ndogo, mithili ya unga uliochekechwa. Ulio mbaya ni msasa mtupu, na huacha uchungu kwenye koo. Kati ya mvinyo mmoja na mwingine, kunywa maji na utafune mkate usio na chumvi nyingi.

Hatua ya 6: Rudia pamoja na chakula

Mivinyo hii ilikuzwa mezani, na hukumu inayotolewa bila chakula ni nusu ya hukumu. Tafuna kipande cha jibini la Parmigiano Reggiano au nyama yenye mafuta, kisha urudie Nebbiolo: protini na mafuta hupokea sehemu ya tanini, na ule mdomo uliobanwa unafunguka. Huku Piemonte huandamana na nyama ya ng'ombe iliyopikwa polepole ndani ya mvinyo. Mbuzi wa kuchoma naye huifaa sana. Barbera ionje pamoja na mchuzi wa nyanya, kwani mbele ya uchachu wa nyanya mvinyo usio na uchachu wake hupooza. Pilipili iache kando siku hiyo, kwa sababu huamsha ukali wa kileo na wa tanini pia.

Hatua ya 7: Andika, kisha uzibe

Kwa kila chupa andika mambo manne: mate, fizi, harufu mbili na chakula kilichoifaa. Usimalize chupa. Zirudishie vizibo, uziweke kwenye friji, na kesho yake uzitoe mapema zipungue baridi, kisha uonje tena kwa mpangilio uleule. Mara nyingi Barbera huwa imepoteza uchangamfu wake, ilhali Nebbiolo iliyokubana jana huwa imelegea, na waridi lake huja puani kabla hujazungusha glasi.