Somo: Kusanifu kioo kidogo cha silikoni cha kugeuza mwale wa leza

Kurt Petersen wa IBM alieleza kioo cha aina hii mwaka 1980. Hapa tupige hesabu ya kioo kimoja: mraba wa milimita 1, unene mikromita 50, kimeshikwa na springi mbili zinazojisokota, moja kila upande.

1. Anza na mwale, volti baadaye. Leza nyekundu ya nanomita 633 ikitoka kwenye kioo cha milimita 1 hutanuka kwa radiani 0.0006 hivi. Kioo kikiinama digrii 5 kila upande, mwale hugeuka mara mbili yake: jumla digrii 20, sawa na radiani 0.35. Gawanya, unapata nukta za mwanga zinazotofautika kama 550 kwenye mstari unaochorwa na mwale. Hazitoshi? Panua kioo, lakini ujue ukizidisha pande zake mara 2 kwa unene uleule, inersha (ukinzani wake wa kuzungushwa) hupanda mara 16 na masafa (idadi ya mitikisiko kwa sekunde) hushuka hadi robo.

2. Springi. Kazi yote iko hapa. Springi zikiwa na upana wa mikromita 20 na urefu wa 500, kioo chetu kitacheza kwenye kilohezi 8 hivi, yaani mara 8,000 kwa sekunde. Punguza upana uwe 10, zinabaki kama 3. Ugumu unakaribia kufuata kipeo cha tatu cha upana, kwa hiyo plasma (gesi yenye chaji inayochonga silikoni) ikila nusu mikromita tu kila upande, 20 inakuwa 19 na masafa yameshuka kwa asilimia 7 hivi. Chonga vipande vya majaribio kwanza, vipime kwa hadubini ya elektroni, kisha uongeze kwenye mchoro kile ambacho mashine yako inakula. Kona za springi zizungushe: silikoni haionyi, inakatika ghafla.

3. Nguvu. Kwa kioo kinachocheza kwenye masafa yake ya asili, meno ya silikoni yaliyopangwa kama ya kitana, yanayovutana kwa umeme tuli, yanatosha. Ukitaka kisimame kwenye pembe fulani, mimi ningefikiria koili na sumaku.

4. Kupaka. Silikoni tupu huakisi theluthi hivi ya mwanga mwekundu. Alumini hufika karibu asilimia 90. Kwa infraredi paka dhahabu. Tabaka liwe jembamba, lisije likakikunja kioo.

Maswali ya wanachama

Swali: Mkuu, si upunguze unene kiwe chepesi, kiende kasi zaidi?

Jibu: Hupati kitu. Springi zimechongwa kwenye tabaka hilohilo la silikoni la kioo, kwa hiyo uzito ukipungua ugumu nao unapungua. Halafu kioo chembamba hujikunja kikienda kasi. Mkunjo ukizidi sehemu ya kumi ya urefu wa wimbi, nukta zinaanza kuharibika. Ukitaka wepesi, punguza unene wa uso peke yake na uache mbavu nyuma.

Swali: Kaka, kwenye kompyuta kioo changu kinaruka juu na chini kwa masafa ya chini kuliko ya kujisokota. Nimekosea wapi?

Jibu: Springi zako ni ndefu mno. Zifupishe nusu: ugumu wa juu-chini hupanda mara 8, wa kujisokota mara 2 tu. Kisha punguza upana kidogo kurudisha masafa uliyotaka, na upige hesabu ya mkazo upya, maana springi fupi ikisokotwa pembe ileile huumia zaidi.