Kompyuta ndogo ya kuangalizia filamu kwenye TV: jinsi ya kuichagua na kuiseti bila kuchoma hela

Kabla hujatoa hata shilingi jiulize kwanza unaangalia nini. Kama wewe ni Netflix na YouTube tu na huna faili hata moja la kwako, nakwambia ukweli, achana na kompyuta, nunua kile kijiti cha kuchomeka kwenye HDMI ya TV au tumia programu zilizomo kwenye TV yenyewe, maana hizi huduma za kulipia zinabana ubora zikiona uko kwenye kompyuta, brauza nyingi hupati picha kali ya 4K hata kama unalipia kifurushi cha juu kabisa, na kwenye Linux (mfumo wa bure unaotumika badala ya Windows) ndo usahau. Kompyuta inalipa pale ambapo una filamu zako kwenye hadidiski, DVD ulizozihamisha, video za harusi za ndugu, miziki, na unataka vyote vikae sehemu moja vifunguke kwa rimoti bila matangazo.

Sasa wengi wakienda kununua swali la kwanza ni ina RAM ngapi, ina spidi gani, na hapo ndo wanapopigwa. Kwenye filamu kinachofanya kazi ni kile kipande ndani ya prosesa kinachofungua video. Video zote zimebanwa na kila mbano una jina lake: H.264 ni ya zamani na karibu kila mashine inaiweza, HEVC ambayo wengine wanaiita H.265 ndo iko kwenye filamu nyingi za 4K, VP9 inatumika sana YouTube, na AV1 ndo mgeni wa juzijuzi. Prosesa ikiwa na kipande cha kufungua mbano husika filamu ya 4K inaenda laini na mashine kama imelala, ikikikosa kazi yote inaziangukia kori za kawaida (sehemu za prosesa zinazofanya kazi zote za jumla), feni inaanza kulia, picha inakatakata na sauti inatangulia mdomo. Unaweza ukawa na prosesa ya i7 ya zamani yenye RAM 16 na ikashindwa filamu ambayo kimashine kidogo cha N100 (prosesa ndogo ya Intel) kinaicheza bila jasho.

Kwa Intel angalia kizazi. Kwenye i5-7500T ile 7 ya mwanzo ndo kizazi, i5-8500T ni cha 8, i5-10500T ni cha 10, na hiyo T mwishoni inamaanisha ni ya umeme mdogo, wati 35. Kizazi cha 6 kinafungua HEVC ya biti 8 tu, na filamu za 4K zenye HDR (mwanga na rangi pana zaidi) ni biti 10, kwa hiyo kama una TV ya 4K anzia cha 7. AV1 inaanzia cha 11. Kama TV yako ni ya 1080 na mafaili yako mengi ni H.264, hata cha 4 kitakufaa, usije ukashawishiwa kuongeza hela kwa kitu ambacho TV haitakionyesha.

Chaguo ninalolipenda mimi ni zile kompyuta ndogo za ofisini za mtumba, Lenovo ThinkCentre Tiny, Dell OptiPlex Micro, HP EliteDesk Mini. Ni ndogo kama kitabu kinene, zimejengwa vizuri, unazifungua kirahisi, RAM na SSD (diski ya ndani) unabadilisha mwenyewe. Na kuna sababu za kizazi cha 7 kuwa bei ya kutupa: Windows 11 rasmi inataka kuanzia kizazi cha 8, tena Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 Oktoba 2025, kwa hiyo maofisi yanazitoa. We hutaki Windows, unataka filamu, kasoro yao ni faida yako.

Ila usiuziwe mbuzi kwenye gunia. Omba iwashwe mbele yako, uone jina la prosesa kwenye skrini na sio kwenye stika maana stika inahamishika. Hakikisha inakuja na chaja yake, hasa hizi za Dell, zinaitambua chaja na zikikutana na chaja zisiyoitambua zinaweza kupunguza spidi. Halafu zungusha uangalie nyuma. Nyingi zina DisplayPort (tundu jingine la kutolea picha) na hazina HDMI, hapo utahitaji adapta, na zile adapta za bei ya chee nyingi zinaishia 1080 au 4K ya 30Hz, yani picha 30 kwa sekunde. Hata zenye HDMI, vizazi vya 7 mpaka 9 mara nyingi ni HDMI 1.4 ambayo 4K inaishia 30Hz na HDR haipiti. Filamu nyingi ni fremu 24 kwa sekunde kwa hiyo 30Hz inazibeba vizuri tu, ila mpira wa fremu 50 au 60 utauona unarukaruka. Kama 4K ya 60Hz ni lazima kwako tafuta yenye HDMI 2.0 au ununue adapta ya DisplayPort iliyoandikwa wazi kwamba inatoa 4K 60Hz.

Chaguo la pili ni mini PC mpya za N100. Prosesa hii ilitoka 2023, kori 4, wati 6, na inafungua mibano yote niliyoitaja mpaka AV1. Kama mtumba unakutia wasiwasi chukua hii. Raspberry Pi 4 na 5, zile kompyuta za ubao mmoja mdogo, nazo zinafanya kazi, HEVC ya 4K zinaicheza na zina raha moja kubwa nitaisema kwenye rimoti, ila bei ya ubao peke yake isikudanganye, ongeza chaja, kasha, kadi, na waya wa micro HDMI ndo upige hesabu.

RAM 4GB inatosha, 8 ukitaka kutumia Windows. SSD ya 120GB inatosha pia, filamu zitakaa kwenye diski ya nje.

Kwenye kuiseti mimi nakushauri LibreELEC, ni Linux ndogo ambayo kazi yake ni moja, kuwasha Kodi, ile programu ya kupanga na kuchezea filamu na miziki kwenye TV. Hakuna desktop, hakuna sasisho la kukukatiza katikati ya filamu. Pakua programu yao ya kuandikia flashi, andika, chomeka, washa huku unabonyeza F12 kwa Lenovo na Dell au F9 kwa HP, uchague flashi. Ikigoma kuwaka ingia BIOS (setingi za mashine yenyewe kabla mfumo haujawaka) uzime Secure Boot, kinga inayozuia mifumo isiyotambulika. Angalizo moja zito: ukichagua kuiweka kwenye SSD inafuta kila kitu kilichomo, kama kuna picha za mtu humo zitoe kwanza. Ukiwa bado BIOS tafuta ile ya After Power Loss uiweke Power On, umeme ukikatika na kurudi mashine inawaka yenyewe.

Ikiwaka ukaona kingo za picha zimekatwa, shida ni TV. Ingia setingi za picha za TV utafute kitu kama Just Scan au Screen Fit.

Kwenye Kodi kuna vitu viwili ambavyo watu wanaviacha halafu wanalaumu mashine. Cha kwanza, Settings, Player, Videos, Adjust display refresh rate, weka On start/stop. Bila hii TV inabaki 60Hz na filamu ya fremu 24 inagawanyika vibaya, kamera ikipita taratibu unaona picha inashtukashtuka. Cha pili ni sauti, System, Audio, kama unatumia spika za TV weka Number of channels 2.0. Ukiacha 5.1 Kodi inatuma maongezi kwenye spika ya kati ambayo huna, unabaki unasikia milipuko na muziki na watu wananong'ona. Passthrough, yani kupitisha sauti bila Kodi kuifungua, iwashe kama una risiva au saundiba inayofungua Dolby au DTS yenyewe, vinginevyo iache imezimwa.

Sasa cheza filamu moja ya 4K na ubonyeze herufi O kwenye kibodi. Yanatokea maandishi juu ya picha, soma mstari wa dekoda. Ukiona HW, kwa mfano ff-hevc-vaapi (HW), mambo safi. Ukiona SW kazi iko kwa kori, na kama picha inakatakata jibu lako liko hapo hapo, usihangaike na intaneti wala waya.

Diski ya nje usiifomati FAT32, haipokei faili linalozidi 4GB, tumia exFAT au NTFS. Tenganisha folda ya filamu na ya tamthilia, na kila filamu iwe na jina na mwaka kwenye mabano, tamthilia ziandikwe S01E01, S01E02, hapo Kodi inajua inatafuta nini na inaleta mabango na maelezo yenyewe. Inachosha siku ya kwanza lakini ukiacha majina yale ya ajabuajabu utaletewa bango la filamu nyingine kabisa. Kama mafilamu yako kwenye kompyuta nyingine ndani ya nyumba tumia waya wa mtandao, 4K zilizonakiliwa moja kwa moja kutoka diski za Blu-ray zinaweza kupita Mbps 100 kwenye matukio mazito na waifai ya 2.4GHz haitahimili.

Imebaki rimoti. Raspberry Pi inaelewa CEC, yani rimoti ya TV inaendesha Kodi kupitia waya ule ule wa HDMI, ndo raha niliyosema. Kompyuta za kawaida karibu zote hazina CEC. Unaweza kuanza na simu, Android kuna Kore ambayo ni ya Kodi wenyewe, washa tu Allow remote control via HTTP kwenye Services uweke na neno la siri. Ila simu inachosha, kila ukitaka kusimamisha filamu ufungue loki kwanza, na mgeni akija hawezi kutumia. Zile rimoti zenye kidude cha USB ni nafuu na zinafanya kazi ukichomeka tu. Ukitaka iamshe mashine iliyolala washa Wake on USB kwenye BIOS, na ikigoma hamisha kidude kwenye tundu lingine, mashine nyingine zinaamka kwa tundu fulani tu.